Akiibuka Akalegea: Mwongozo wa Hewa Iliyoingia Ubongoni

Mtu akiibuka kutoka chini ya maji alikokuwa akipumua hewa ya mtungi, kisha ndani ya dakika kumi akalegea upande mmoja, akapoteza fahamu, akatetemeka kama mwenye kifafa, akaacha kuona au akaanza kusema maneno yasiyoshikana, mchukulie kwamba ana hewa kwenye mishipa ya damu ya ubongo. Usingoje dalili ya pili. Mlaze chali, mpe oksijeni, mkimbize hospitali. Ukifika, sema hivi kabla hujaulizwa jina la mgonjwa: "Alikuwa chini ya maji akipumua hewa ya mtungi, ameibuka saa fulani, na haya yamemwanza baada ya dakika kadhaa."

Kama huna muda wa kusoma zaidi, hayo yakutoshe. Mwenye nafasi tuendelee, maana kila neno hapo lina sababu yake, na anayeijua sababu hakosei siku mikono inapotetemeka.

Sisi wa Likoni jambo hili tulilisogelea mwaka 2019 bila wengi wetu kulijua. Jumapili ya Septemba 29, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee katikati ya kivuko, likazama na mama na binti yake. Lilitolewa Oktoba 11. Siku zote hizo watu walijaa ufukoni, na swali lililozunguka kutoka mdomo hadi mdomo lilikuwa moja: mbona wazamiaji wanashuka kidogo tu, kisha wanakaa juu muda mrefu? Uchungu ule ulikuwa wa haki. Lakini gari lilikuwa limelala kwenye kina cha takriban mita 58. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mzigo sawa na hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo kule chini mwili hubanwa karibu mara saba ya unavyobanwa ukiwa umesimama pale kwenye stendi ya matatu. Mzamiaji anaweza kushuka huko kwa dakika chache. Kazi ni kurudi, na kurudi hakuharakishwi kwa sababu waliomo ufukoni wanalia. Akiharakisha, naye atakuwa wa kuliliwa.

Ili uone mzigo huo wa hewa kwa macho yako, huhitaji kuzama. Ukitoka Nairobi kwa treni, kunywa maji yako yote, kaza kifuniko, weka chupa tupu mkobani. Ukiteremka Miritini itoe. Utaikuta imebonyea mbavu, na hakuna aliyeikalia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa kule ni pungufu ya letu kwa karibu sehemu moja ya tano. Hewa uliyoifungia kule imefika Pwani ikakandamizwa. Kinyume chake ni pakiti ya krispi iliyofungiwa Mombasa: ikifika Nairobi huwa imefura. Sasa shika hili moja. Tofauti ile inayohitaji safari nzima ya treni, majini huipata kwa kushuka mita mbili tu.

Ndiyo maana hatari hii haidai kina kirefu. Mtu aliyeko mita 10 chini akivuta hewa ya mtungi hadi mapafu yakajaa lita sita, kisha akaziba pumzi na kupanda, hewa ile inataka kuwa lita kumi na mbili akifika juu. Kifua hakina nafasi hiyo. Vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu hupasuka, na hewa hupenya kwenye mishipa midogo inayorudisha damu kwenye moyo, upande wa kushoto. Kutoka hapo moyo huisukuma pamoja na damu, na kwa mtu aliyesimama au anayeelea wima njia ya karibu ni ya kwenda kichwani. Aliyejaza mapafu yake na kuziba pumzi anaweza kuumia hivyo kwa kupanda hata kutoka mita moja na nusu. Bwawa la kuogelea la hoteli pale Bamburi, ambamo mgeni hufunzwa kuzamia asubuhi yake ya kwanza, linatosha.

Kinachotokea ubongoni fundi yeyote wa malori wa Changamwe atakueleza bila kusoma udaktari. Injini ya dizeli ikinyonya hewa kwenye paipu ya mafuta hufa barabarani hata kama tangi limejaa, mpaka hewa itolewe. Kiputo kikikwama kwenye mshipa mwembamba wa ubongo, damu haipiti, na sehemu iliyo mbele ya kiputo hukosa oksijeni. Lakini mshipa si paipu. Una utando laini ndani, na kiputo huukwaruza kinapopita, kisha utando huo huvimba na kuanza kuvuja. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuzinduka, akazungumza, akataka soda, halafu saa chache baadaye akaanguka tena. Tutalirudia hili, maana ndipo watu wanapodanganyika.

Kijana wa Mtongwe anayepiga mbizi kwa pumzi yake, miwani usoni na mkuki mkononi, akitafuta pweza, hayumo kwenye hesabu hii. Ameshuka na hewa ya juu. Ikabanwa, na akirudi inarejea kipimo chake. Ana hatari zake, kuzimia akiwa karibu kufika juu ni mojawapo, lakini mapafu yake hayatapasuka kwa namna hii. Isipokuwa akikutana chini na mwenzake mwenye mtungi, akaomba avute mara moja, kisha akapanda ameziba pumzi kama alivyozoea. Pumzi hiyo moja ya kuazima inaweza kumuua.

Waliomo ni wale wote wanaopumua hewa iliyoshindiliwa: wanaopeleka wageni kwenye MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 mbele ya fukwe za Nyali na Bamburi ikawa makao ya samaki, kwenye kina cha karibu mita 30 ambako mzigo ni mara nne, wanaofanya kazi chini ya meli, wanaochukua majongoo bahari kwa mitungi, na hata yule anayevutiwa hewa kwa mpira mrefu kutoka kompresa iliyo juu ya boti. Huyu wa mwisho namhofia zaidi, kwa sababu injini ikizima ghafla yeye hupata wazo moja tu kichwani, kukimbilia juu. Tena kompresa ya petroli ikinyonya moshi wake yenyewe humpelekea sumu chini bila harufu ya kumwonya.

Magazeti yetu yana tabia ya kuandika "mtungi wa oksijeni" yakizungumzia wazamiaji. Si oksijeni. Ni hewa hii hii tuipumuayo, imeshindiliwa. Oksijeni tupu ikipumuliwa chini ya kina cha mita sita hivi inaweza kumletea mtu degedege humo humo majini. Nayasema haya kwa sababu siku ya dharura utasikia mtu chomboni akisema, "Mpeni mtungi wake apumue, si una oksijeni?" Hauna. Unahitaji mtungi wa hospitali, wenye barakoa yake.

Kinga yake ni fupi kuielezea, ingawa ndiyo kubwa. Usizibe pumzi ukiwa na mtungi, hata mara moja, hata kwa kupiga picha. Panda polepole, si zaidi ya mita tisa au kumi kwa dakika. Vile viputo vidogo kabisa unavyovitoa ndivyo vya kufuatana navyo, usivipite. Ukifika mita tano, simama dakika tatu hadi tano. Anza kupanda kipimo cha mtungi kikiwa bado na akiba ya kutosha, kwa sababu wengi wanaopasuka mapafu ni wale walioishiwa hewa wakataharuki. Ikikuishia kweli na mwenzako yuko mbali, panda huku unatoa sauti ya "aaa" mfululizo hadi juu. Utashangaa hewa haiishi: inapanuka kifuani kadiri unavyopanda, na sauti hiyo ndiyo mlango wake. Mwenye kikohozi asishuke. Mwenye pumu, aliyewahi kuugua kifua kikuu kikamwachia kovu, au aliyewahi kupatwa na pafu kusinyaa, asishuke mpaka daktari anayejua mambo ya kuzamia ampime. Kifua kikuu kimepita nyumba nyingi za kwetu, na fomu ya kujaza ufukweni mtu huijaza haraka haraka akiona wenzake wameshavaa. Wewe unayempa fomu, muulize kwa mdomo.

Sasa tuseme yametokea. Mko kwenye boti, upepo wa kusi unavuma, mtu amepandishwa na shingo yake haishiki. Jambo la kwanza litakalotokea ni kila mtu kutaka kumkalisha "apate hewa." Wazuie. Mlaze chali, bapa, mwili wote usawa mmoja. Akitapika au akiwa hana fahamu, mgeuze ubavu ili asikabwe, lakini kichwa kisiinuliwe. Zamani ilifundishwa kwamba ashushwe kichwa na kuinuliwa miguu, viputo vikimbilie miguuni. Mafundisho hayo yameachwa, kwa sababu damu inayojaa kichwani huongeza uvimbe wa ubongo. Ukimkuta mkufunzi mzee anayeyashikilia, mheshimu, na umlaze mgonjwa bapa. Asiyepumua, anza kumkandamiza kifua mara moja kama ulivyofunzwa. Anayetetemeka usimtie kijiko mdomoni.

Oksijeni tupu, lita 15 kwa dakika, kupitia barakoa yenye mfuko. Hapa piga hesabu kabla ya kuondoka nchi kavu, si baharini. Mtungi mdogo wa lita 400 kwa kasi hiyo hauzidi dakika 27. Kama kutoka mnakozamia hadi hospitalini ni saa moja na nusu, mtungi huo utakwisha mkiwa bado njiani. Mwulize mwenye boti: una lita ngapi? Akikuonyesha mtungi bila kujua jibu, huyo hajajiandaa.

Usimpe dawa yoyote ya kupunguza damu kwa kudhani ni kiharusi. Usimkande kwa mafuta. Usimpe chai, maji wala chochote cha kinywani mpaka awe macho kabisa na anameza vizuri. Usimrudishe majini ili "hewa ibanwe upya". Wapo wazamiaji wanaoamini hivyo, na mtu anayeweza kuzimia wakati wowote hana kazi chini ya maji. Na wapo watakaosema ameguswa na mwenye bahari. Sitabishana na imani ya mtu pwani hii. Mwenye kusoma na asome, lakini asome ndani ya gari linalokwenda hospitali, mgonjwa akiwa na barakoa usoni.

Kisha akizinduka akasema yuko sawa, msigeuze boti wala gari. Nilikwambia tutarudi hapa. Ule utando wa mshipa umeshakwaruzwa, na kuanguka kwa pili kunaweza kuwa kubaya kuliko kwa kwanza. Aliyepata dalili hata kwa dakika tano anapelekwa, na barakoa haitolewi.

Njia mnayopita nayo ina uzito. Kumbuka ile pakiti ya krispi. Kupanda mlima kunafanya viputo vifure ndani ya kichwa, kwa hiyo msipite juu ya mita 300. Mji wa Kwale uko mlimani. Usimpandishe huko mtu aliyeibukia ufuko wa kusini, hata kama ndiko gari linakoelekea. Shuka naye Msambweni au mlete Mombasa. Mkiwa upande wa Likoni na kivuko kimejaa, barabara ya Dongo Kundu inakufikisha Miritini bila kuvuka feri na bila kilima cha kukutisha. Nairobi kwa barabara haifai kabisa. Ikilazimu apelekwe mbali kwa ndege, mwambie anayepanga safari kwamba ndege iwe na uwezo wa kuweka ndani shinikizo la usawa wa bahari, na helikopta iruke chini ya mita 300. Usione haya kumwambia rubani. Kwa simu, 999 au 112, na laini ya Msalaba Mwekundu, 1199. Mwenye bima ya wazamiaji ana namba ya dharura nyuma ya kadi yake. Ipigeni mapema, kwa sababu upande wa pili kuna daktari wa fani hii atakayezungumza na daktari wenu.

Hospitalini, iwe Port Reitz, Likoni au Hospitali Kuu ya Pwani, ile sentensi uliyoishika ndiyo dawa ya kwanza. Muuguzi anayeona mkono umelegea na mdomo umepinda atafikiri kiharusi cha kawaida, na ana haki, kwa sababu kila wiki huona wagonjwa wa aina hiyo, ilhali mwenye hewa ubongoni anaweza kumaliza miaka asimwone. Matibabu ya kuyeyusha damu iliyoganda hayatoi hewa, na yanaweza kumdhuru. Picha ya kichwa ikitoka safi isiwatulize: viputo huweza kuwa vimeshapita vikaacha madhara. Na kuna jambo dogo ninalokuomba ulisimamie. Kile kifaa cha kidoleni kitasoma 98 au 99, na mtu mwema atasema oksijeni imetosha, tuiondoe. Mwombe kwa adabu aiache. Oksijeni hii haipo kwa ajili ya namba ya kidoleni. Kiputo kimejaa naitrojeni, na damu iliyojaa oksijeni tupu huivuta naitrojeni hiyo nje ya kiputo, kikasinyaa.

Tiba yenyewe hasa ni chemba ya shinikizo. Mgonjwa huingizwa kwenye tangi la chuma, shinikizo likapandishwa hadi karibu mara 2.8 ya kawaida, kana kwamba amerudishwa mita 18 chini ya bahari, lakini akiwa mkavu na anapumua oksijeni. Ratiba inayotumiwa zaidi, iliyotoka kwa jeshi la majini la Marekani, huchukua saa 4 na dakika 45. Kuwahi ndani ya saa sita ni bora, ila aliyechelewa bado apelekwe, kwa sababu wapo waliopona hata baada ya siku kupita. Chemba si kitu kinachopatikana kila mji. Kwa hiyo, wewe mwenye kampuni ya kupeleka wageni kuzamia, wewe kiongozi wa wazamiaji: mwanzo wa kila msimu piga simu uulize chemba ya karibu iko wapi, inafanya kazi leo, na nani ana ufunguo wake usiku wa Jumapili. Andika jibu ukutani.

Hewa haiingii kwenye damu kwa kuzamia tu. Mkienda kwa ndugu aliyelazwa mtasikia hofu nyingine: kile kiputo kwenye mpira wa dripu. Mama anakesha akikitazama kinavyoteremka, moyo umemwenda mbio. Mtulize. Kiputo kidogo kinachoingia mkononi hufika mapafuni kikachujwa huko. Inakadiriwa kwamba mtu mzima hudhurika vibaya zaidi hewa ikiingia kwa wingi na kwa haraka, mililita 200 au 300 hivi. Bado ni haki yake kumwita muuguzi akitoe, hasa kwa kuwa karibu mtu mmoja kati ya wanne ana kitundu kidogo ndani ya moyo kilichobaki tangu tumboni, ambacho kinaweza kuipitisha hewa bila kuchujwa.

Pa kuwa macho kweli ni mrija mnene wa shingoni au kifuani, kama wanaouvaa wanaosafishwa figo. Huo umefika karibu na moyo, na mtu akivuta pumzi akiwa ameketi, mrija ulio wazi hunyonya hewa. Kifuniko chake kisifunguliwe nyumbani kwa sababu yoyote. Kikichomoka, bana mrija kwa vidole hapo hapo, mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto, piga kelele ya msaada. Siku ya kuutoa, mgonjwa awe amelala bapa, azibe pumzi wakati unachomolewa, na kidonda kifunikwe kwa kitu kisichopitisha hewa.

Na vijana wa gereji: mpira wa kompresa ni wa magurudumu. Msimpulizie mwenzenu mwilini kwa mzaha, wala kujipangusa vumbi penye kidonda.

Limebaki la mgeni mzima wa afya, aliyezamia Dania asubuhi bila tatizo na ana tiketi ya treni ya alasiri. Huyu mapafu yake hayakupasuka, ila mwili wake bado una naitrojeni aliyoivuta chini, na Nairobi ni juu ya kutosha kuitoa povu. Aliyezamia mara moja angoje kwa muda wa saa 12. Aliyezamia mara kadhaa au siku mfululizo, saa 18. Mbadilishie tiketi.

Halafu chukua karatasi ngumu na penseli, maana wino huyeyuka, uvitie kwenye mfuko mkavu wa boti yenu. Kabla mtu hajaingia majini andika jina lake na saa aliyozama. Akiibuka, ongeza kina alichofika, dakika alizokaa, na saa aliyotoa kichwa. Akilegea, andika saa ya dalili ya kwanza na dalili yenyewe, upande gani, na saa oksijeni ilipoanza. Karatasi hiyo mbanie mgonjwa kwenye fulana yake kifuani, isibaki mfukoni mwako, kwa sababu feri inaweza kuwatenganisha.